Siku nilipeleka mdomo wa violeti ku mahari ya yaya

Naanza na hii ili mtu asiniambie eti hatukuonywa. Ku mlango ya labo yetu kuna karatasi imeandikwa na kalamu nyekundu, namba moja inasema usivute kitu chochote na mdomo. Namba mbili inahusu viatu. Ku viatu mimi nilikuwa sawa kabisa, nilivaa vya ngozi, nimevipaka rangi tangu usiku, juu ile Jumamosi saa nane mchana yaya wangu mkubwa, yaani kaka yangu, alikuwa anapeleka mahari kule Bagira na familia ilikuwa imenichagua mimi njo nisome liste ya vitu mbele ya wakwe, eti kwa sababu niko univ na sauti yangu inasikika.

Shida ni kwamba asubuhi ile ile tulikuwa na TP ya mikrobiolojia, yaani masomo ya vitendo mu labo. Hapa Bukavu, mwaka wa pili, chuo siitaji. Ukikosa TP unapata zero, na asista wetu ni mtu ambaye ata ukimwambia umefiwa anakuuliza marehemu alikufa na bakteria gani.

Kozi yenyewe naipenda, nisidanganye. Prof anajua kupiga hadithi. Alituambia bakteria koli mmoja akipata chakula na joto nzuri anagawanyika kila dakika 20, nikafikiria nyumba yetu mwisho wa mwezi baba akishalipwa. Alitueleza pia ya Fanny Hesse, hiyo ni mu 1881, wanaume wa sayansi kule Ujerumani wanahangaika na jelatini inayeyuka kila joto ikipanda, mama akawaambia basi mujaribu agari, juu yeye alikuwa anaipikia jeli jikoni na haiyeyuki ovyo. Mupaka leo dunia nzima inaotesha mikrobe ku agari. Ile kisahani ya kioo yenye tunamwaga agari ndani njo ilipewa jina ya Petri, naye mwanaume wa Ujerumani. Mama Hesse hakupewa ata kifuniko.

Labo nayo ni ile ya kwetu. Wanafunzi 48, mikroskopu 3, na moja inaona vizuri tu ukishika meza na goti. Otoklavu, ile mashini ya kuua mikrobe na joto, kwetu ni kokoti-minuti, ile sufuria ya kupikia maharagi, lakini ikishika 121 digri kwa dakika 15 mikrobe anakufa tu, hana nafasi ya kuuliza kama ni ya hospitali ao ya mama wa nani.

Sasa ile siku TP ilikuwa Gramu. Kwa wale hawajasoma: Gramu ni jina ya mtu, Hans Christian Gram, mu-Danemark, mu 1884 alikuwa Berlin anatafuta bakteria mu mapafu ya watu walikufa na nimonia, akapata namna ya kupaka rangi mupaka bakteria zinaonekana. Unaweka violeti dakika moja. Unaosha. Unaweka lugoli, yaani iode, dakika moja, hiyo njo inashika violeti kwa nguvu. Unaosha. Halafu alkoli, sekunde chache tu. Mwisho fuksini, rangi ya pinki. Bakteria zenye ukuta munene ni kama mtu wa Bukavu mwezi wa tano na koti yake ya sufu, rangi ikishaingia humtoi nayo, zinabakia violeti, tunaziita positifu. Zenye ukuta mwembamba alkoli inazivua zote, zinakuja kuvaa pinki, negatifu. Basi. Njo mambo yote, na bado watu wanarudia mwaka juu yake.

Na ile violeti, kila mtu wa Kongo anaijua. Violeti ya jansiani. Ile mama anapakaa mtoto mu mdomo akitoka vidonda vyeupe, mtoto anazunguka mtaa muzima kama alikula kalamu. Shika hiyo mu kichwa, tutairudilia.

Asista akasema kila mtu atafute bakteria ku mwili yake mwenyewe, tutoe ku meno na kijiti, juu mu 1683 kuna bwana mu-Uholandi alifanya vile, Leeuwenhoek, alikwangua meno yake akaona vitu vinatembea. Nikakwangua. Nikapaka ku lami, kile kipande cha kioo ya mikroskopu, nikapitisha ku moto ya taa ya alkoli, ikakauka vizuri. Saa ilikuwa nne na nusu. Nikapiga hesabu, saa tano niko inje, saa sita niko nyumbani, natia kostimu, saa nane Bagira. Nikachukua kichupa ya violeti, nikakamua. Hakuna kitu. Nikakamua tena. Ile ncha ya kudondoshea ilikuwa imezibwa na violeti ya wiki ingine, imekauka kama gundi.

Hapa watu waliniuliza sana baadaye, na mama, na yaya, na mapadiri wawili: ulikuwa unafikiri nini? Sikuwa nafikiri. Mkono ulitoa ile ncha, mdomo ukaipokea, ni kitu mtu anafanya na kalamu imekataa kuandika tangu shule ya msingi. Nikavuta mara moja hakuna, nikavuta mara ya pili na hasira, na ile ya pili ikafunguka yote.

Uchungu wake siwezi kuueleza. Nikatema mu lavabo, lavabo ikawa violeti. Maji ya bomba ilikuwa imeenda tangu asubuhi, tulikuwa na bidoni moja tu, nikasukutua, nikatema, nikasukutua, povu violeti, ulimi violeti, meno kila moja imechorwa pembeni kama katuni. Wenzangu wanalala ku meza na kicheko. Njo CP wetu, kiongozi wa wanafunzi wa mwaka wetu, mtu wa roho nzuri sana, sijui kama nitamsamehe, akakuja na pamba na kichupa ya kahawia, akaniambia ndugu yangu, iode inasafisha yote, ata kidonda wanaoshaka na iode, pakaa. Nikapakaa. Midomo, meno, ncha ya ulimi. Vizuri vizuri, nilikawia ata, dakika moja nzima.

Ile kichupa ilikuwa lugoli.

Asista akaingia. Akaniangalia. Akaangalia kichupa ya violeti, akaangalia ya lugoli, akaangalia saa yake.

– Bwana, uko ku etapi ya ngapi?

Mimi nikajibu bila kufikiri, juu nilikuwa nimeikariri:

– Ya pili, Asista.

– Eee. Umefanya vizuri, umefuata prosediri. Bado alkoli na fuksini.

Hapo njo nikaelewa nimejifanya nini. Nilikuwa nimepaka violeti na nimeikaza na lugoli, mimi mwenyewe, na mikono yangu, ile kazi lugoli inafanya mu bakteria ilikuwa inaifanya mu mdomo ya mtu anangojewa na wakwe. Nikaomba alkoli. Asista akakataa isiguse ulimi, akanipa pamba kidogo ya midomo ya inje tu, inachoma kama pilipili, ikatoa labda robo, na ile robo ilitoka kwa mistari, kwa hiyo sasa nilikuwa violeti na madoa. Akaninywesha maji ya chupa yake mwenyewe, akahakikisha sikumeza sana, pale nitasema kweli alikuwa mzazi. Halafu akachukua lami yangu, juu mimi nilikuwa nimeisahau, jirani yangu alikuwa amenimalizia violeti na lugoli kwa huruma akaiacha na alkoli juu mupaka akasahau naye, dakika sijui ngapi. Akaiosha, akaimalizia na fuksini, akaiangalia ku mikroskopu, na mafuta, mara 1000. Pinki tupu, ata zile zilipaswa kuwa violeti. Akaandika ku karatasi yangu: lami negatifu, mwanafunzi positifu. Na 9 juu ya 20.

Nilipita farmasi kununua maski. Muuzaji, mama moja mwenye upole, hakuniuliza ya maski, aliniuliza: ule mtoto alikuambukiza iko na miezi ngapi? Nikamwambia sita, ili nitoke pale haraka. Mtu wa moto naye, ile pikipiki ya kubeba watu, toka Fe-Ruji mupaka Bagira, alikuwa ananiangalia ku retroviza kuliko barabara, na ile barabara ya kupanda Bagira si ya kuangalia mtu.

Nilifika saa nane na nusu, kostimu, viatu vinang'aa, maski. Nikaketi nyuma ya baba mukubwa. Kwa dakika kama 40 mambo ilienda vizuri, wazee wanarushiana mafumbo, wanaulizana habari ya ng'ombe, hakuna mtu ananiona. Halafu baba mukubwa akasema sasa mtoto wetu mwanafunzi atatusomea. Nikasimama, nikaanza kusoma na maski. Musemaji wa upande ule akanyanyua mkono.

– Ngoja kwanza. Mulikuja kuomba binti ao mulikuja kumuiba? Mbona huyu amefunika uso?

Watu wakacheka. Baba mukubwa akageuka, bado anacheka naye, akaniambia toa hiyo kitu mwanangu, hapa ni kwenu.

Nikatoa.

Sijawahi kusikia nyumba ya watu 60 inanyamaza vile. Ata jiko ilinyamaza. Halafu sauti ya tantini moja, ile ya kunong'ona yenye inafika mupaka barabarani: hii familia iko na ugonjwa gani? Yaya alikuwa ameketi na kostimu yake mupya, sikumuangalia, lakini nilijua amefunga macho. Baba mukubwa ili kutuokoa akasema hapana, hapana, huyu anasomea mikrobe. Angenyamaza tu. Mama moja mzee akajibu: njo zimemushika sasa.

Nikaeleza. Nilieleza yote, violeti, lugoli, Berlin, ukuta munene, nafikiri niliwafundisha Gramu muzuri kuliko prof. Musemaji alinisikiliza mupaka mwisho, kichwa inatikisika kwa heshima, kisha akasema wamesikia, wamefurahi kuwa na msomi, ila desturi ni desturi, mtu kufika mbele ya wakwe na mdomo wa wino ni amandi, yaani faini. Mbuzi moja. Baba mukubwa akashuka ku kuku mbili. Wakapanda ku mbuzi mdogo. Walibishana juu ya mdomo wangu dakika 20, wakinionyesha na kidole kila mara kama kielelezo, wakamaliza ku kreti mbili za bia, zilipwe palepale. Yaya alizilipa. Alinikata ku pesa ya silabusi, tuliyamaliza mwezi wa saba.

Halafu kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikaanza kuzunguka, wazee wanapeana kikombe kimoja kutoka mkono ku mkono. Ilipofika kwangu ikapita juu. Sikukasirika, mtu amesoma mikrobiolojia hawezi kukasirika ju ya ile, lakini nilitaka kuwaambia kwamba kati ya midomo yote mu ile nyumba wangu peke yake njo ulikuwa umepakwa dawa.

Mama mzee yule yule akatoka chumba cha nyuma na mtoto mchanga, mjukuu wake, miezi mitano hivi. Mtoto akageuza kichwa, akanitazama. Mdomo violeti. Walikuwa wamempaka jana yake juu ya vidonda vyeupe. Akaniangalia mimi, akaangalia midomo yangu, akatoa kicheko kubwa ya ufizi violeti tupu, akanyoosha mikono. Mama akaniambia basi mushike, munajuana.

Mupiga foto akatuita palepale, familia zote mbili, watoto mbele. Hakuna mtu aliyekubali kumuchukua mtoto kwangu, kwa hiyo mimi na yeye tukawekwa katikati kabisa, chini ya bibi arusi. Ile foto iko mu saloni ya yaya mupaka leo, kubwa, na kadre, na kila mgeni akiiangalia anauliza kama yule mtoto ni wangu.