Mafunzo ya uzazi: semina hotelini au mazoezi pale leba?

Kwa miaka mingi mafunzo mengi ya wahudumu wa afya ya uzazi katika eneo la Nyanza, magharibi mwa Kenya, yamelipiwa na wafadhili. Marekani ilipositisha misaada yake ya nje Januari 2025, kaunti zilibaki na swali ambalo hazikuwa zimelazimika kulijibu: hela chache zilizopo ziendelee kuwapeleka manesi kwenye semina za hoteli mjini Kisumu, au ziwafundishe pale pale leba wakiwa zamu?

Semina zina watetezi wake, na hoja zao ni nzito. Nesi aliye peke yake usiku katika kituo cha afya huko Nyakach hawezi kujifunza kuweka kipandikizi au koili ya kuzuia mimba huku akina mama wawili wana uchungu na wa tatu anabisha mlango. Ni lazima atoke. Akiwa semina hushika vifaa kwa utulivu, hurudia mpaka mkono uzoee, na hujuana na wenzake wa Siaya na Homa Bay ambao kesho atawapigia simu akikwama. Wanaosema manesi hufuata posho tu wanawaonea. Hawa ndio waliogoma kwa miezi mitano mwaka 2017 wakidai mkataba wao utekelezwe. Posho kidogo si dhambi.

Hata hivyo, fikiria jinsi mama anavyopotea leba. Kuvuja damu baada ya kujifungua humaliza mtu kwa saa chache, na hakuna nesi anayeweza kuizuia damu hiyo peke yake. Mmoja anakanda tumbo, wa pili anatafuta mshipa wa dripu, mwingine anakimbilia dawa, na mtu wa maabara anaamshwa atafute damu. Ukimfundisha mmoja hotelini, wenzake watatu wanabaki walivyokuwa.

Ushahidi nao unaelekea huko. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023 ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye vipimo unaowekwa chini ya mama, ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, kisha wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya kusubiri moja lishindwe ndipo waanze lingine. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Karibu nasi zaidi, Migori na Busoga ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, mazoezi ya kuigiza dharura yalikuwa sehemu ya mpango wa kuwaokoa watoto njiti. Matokeo yake yalitoka mwaka 2020: katika vituo vilivyopata mpango mzima, walikufa watoto kama 15 katika kila 100, na katika vituo vingine 23.

Lakini tusome vizuri: mafunzo hayo hayakwenda mikono mitupu. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu kuvuja baada ya kujifungua, hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na stima ikipotea siku nzima friji hugeuka kabati. Nesi hodari mwenye dawa iliyoharibika atafanya kila kitu sawasawa na bado damu isikome.

Kinachoniuma zaidi ni uhamisho. Mkunga anafundishwa, anakuwa mahiri, kisha baada ya muda mfupi anapelekwa wodi ya wanaume au kliniki ya kifua kwa sababu huko kuna upungufu. Hakuna aina ya mafunzo inayoweza kuhimili hilo, iwe ya hotelini au ya leba.

Akina mama wametimiza upande wao. Mwaka 2014 waliojifungulia hospitali nchini walikuwa kama asilimia 61. Mwaka 2022 walifika 82. Ilhali sensa ya 2019 ilihesabu vifo 355 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Wamefika mlangoni kwetu, na wengine wanafia ndani.

Kwa hiyo naegemea leba. Semina zibaki kwa ujuzi unaohitaji utulivu na kwa kuwaandaa wakufunzi watakaozunguka vituoni. Fedha nyingi ziende kwenye mazoezi mafupi ya kila wiki, zamu ya usiku ikiwemo, kwa sababu usiku ndipo watu huwa wachache. Na kila kaunti iandike kwenye kanuni zake kwamba aliyefundishwa kazi ya leba hahamishwi kabla ya miaka miwili. Hilo la mwisho halihitaji mfadhili; linahitaji saini ya mkurugenzi wa afya.