Nimelipia joka, nimeletewa kenge

Jamani naomba kuuliza, hivi kenge akiwekwa mabawa anakuwa nani? Maana toka asubuhi nimeulizwa hilo swali na watu kumi na moja, wa kumi na mbili alikuwa trafiki.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mtu mzima, baba wa watoto wanne, na nina kadi ya chombo cha moto yenye jina langu mwenyewe. Mwezi uliopita nimemaliza mkataba wa bajaji, sasa ni yangu. Wanaojua mkataba wanajua, sielezi. Sasa ukimaliza mkataba lazima bajaji ionekane imeolewa upya, wenzangu hapa Lindi wameandika nyuma "Wivu Ni Kidonda", mwingine kaweka picha ya mama yake, mwingine kabandika tai kakunjua mbawa. Mimi nilitaka kuandika "Subira" tu basi, kwa herufi nzuri. Ila nina mpwa wangu kaja likizo kutoka Dar, yuko kidato cha pili, kazi yake kumaliza bando langu anaangalia madude ya kwenye katuni, akaniambia mjomba weka dragoni, Lindi nzima hakuna.

Hilo ndo neno lililoniponza. Lindi nzima hakuna.

Usiku ule tumekaa nje, umeme ulikuwa umerudi kwao, kijana akaanza kunifundisha tabia za joka. Akasema la Ulaya lina miguu minne, mabawa mawili kama ya popo, magamba mwili mzima, linakaa pangoni, linalalia dhahabu ambayo halitumii, na tumboni lina gesi inayotokea mdomoni ikiwa moto. Nikamuuliza, linalalia dhahabu na halitumii? Akasema ndiyo. Nikamwambia basi huyo si mnyama wa hadithi, huyo ni mjomba wetu wa Nachingwea, pesa za korosho misimu mitatu ziko chini ya godoro na juzi kanitumia meseji nimrushie vocha ya jero. Na hiyo gesi ya tumboni ndo ikaniuma zaidi, yani mjusi wa kutungwa anapikia gesi yake mwenyewe, sisi huku kusini gesi ya Songo Songo iligundulika toka 1974, ya Mnazi Bay toka 1982, na muda huohuo tunaongea mama Rehema yuko uani anapuliza mkaa ulionyeshewa mpaka machozi yanamtoka.

Akasema kuna na la China. La China halina mabawa ila linaruka hivohivo, refu kama nyoka, linakaa kwenye maji, halichomi mtu moto, kazi yake kuleta mvua, na la mfalme lazima liwe na kucha tano. Nikamwambia hilo hapana kabisa. Kumbe Wachina mwaka wao wa joka ulikuwa 2024, na mwaka huohuo mvua zikatukatia barabara ya Dar pale Somanga, watu wakalala njiani na watoto. Nyie jumlisheni wenyewe. Mimi la mvua sitaki kwenye chombo changu, nikasema niwekewe la Ulaya, la moto, litulie.

Asubuhi nikampelekea fundi. Fundi simtaji, yuko nyuma ya gereji moja hivi, kijana mdogo lakini ana maringo ya daktari bingwa. Bei elfu sitini, nikamtangulizia arobaini. Nikajua namuachia nasepa, kumbe bado sijaanza.

Akashika brashi, akaniangalia. "Lina tabia gani?"

Nikamwambia tabia za nini tena, wewe chora.

"Kaka mkubwa, mimi sichori kitu ambacho sikijui tabia. Simba najua ni mvivu, namlaza. Chui najua ni mwizi, namuinamisha. Hili linashindaje?"

Nikamwambia linashinda pangoni.

"Linafanya nini?"

Linalinda dhahabu.

"Ya nani?"

Ya kwake.

"Kaipata wapi, ana mgodi?"

Kanyang'anya watu.

"Anainunulia nini?"

Hanunui kitu, anailalia.

Fundi akanyamaza muda mrefu kidogo, unaona kabisa jambo limemgusa. "Na mbavu haziumi?"

Sasa hapo nina abiria wangu wawili wanaenda Mtanda wamekaa ndani ya bajaji wanasikiliza, maana niliwaambia napita dakika mbili tu kutoa oda. Mmoja akadakia, labda ana magamba hivyo hasikii. Fundi akaandika "magamba" kwenye kiboksi cha sigara. Akauliza linakula nini, nikasema ng'ombe, kondoo, na zamani wakilipelekea mabinti wa wafalme linakula. "Kwa mwezi mangapi? Maana kama linakula sana nalichora na kitambi." Nikaanza kuhema. Akauliza linazaa au linataga, nikasema linataga. Akaweka brashi chini.

"Basi hiyo kuku."

Nikamwambia siyo kuku.

"Lina mabawa."

Ndiyo.

"Lina makucha, linataga, linalalia."

Linalalia dhahabu bwana!

"Na miguu ina magamba. Kaka, wewe umeshawahi kumuangalia kuku miguu?"

Nikamgeukia yule abiria anisaidie, na yeye anatingisha kichwa kwamba fundi kasema kweli. Nilijitahidi sana kubaki na heshima yangu. Nikamtolea simu nikamuonyesha picha aliyonitumia mpwa wangu, bando likakata picha ikiwa nusu, ikaonekana mkia tu na kijibawa. Fundi akasema imetosha, ameshaelewa. Ndipo akanitajia kwamba mabawa yana chaji yake, kila bawa elfu kumi, kwa nini nisichukue la China maana nimemsikia mwenyewe nikimwambia abiria kwamba halina mabawa na linaruka vilevile. Nikamwambia kijana, chora la mabawa, chora miguu minne, chora moto, kesho alfajiri nakuja. Nikawapeleka wale abiria Mtanda kwa nusu nauli maana walisema nimewachelewesha, ila kushuka hawakutaka mpaka niwaambie joka linaishi miaka mingapi. Jioni nikairudisha bajaji pale gereji, nikaenda nyumbani kwa miguu kama sina kitu duniani.

Leo alfajiri nimefika. Fundi kaifunika na turubai, kaita na majirani. Akafunua.

Ndugu zangu. Kile kitu kina miguu mitatu.

Nikahesabu tena labda usingizi. Mitatu. Nikamuuliza mguu wa nne uko wapi, akanionyesha pleti namba, akasema ningechora hapo ningekuponza na askari. Halafu akaona sijaridhika akaniuliza kwa upole kabisa, "Bajaji ina tairi ngapi?" Nikasema tatu. "Inaanguka?" Haianguki. "Sasa?"

Shingo imekuwa fupi kwa sababu ya taa ya breki. Mabawa madogo, ukitazama haraka unadhani limevaa shati limeachia vifungo. Ulimi umegawanyika, uko nje, mkia mrefu umeburuzwa chini, sura nzima ni kenge yule wa mtoni anayekuja kula vifaranga, tena amechoka. Na moto. Moto kachora wa bluu. Nikamuuliza hii ni nini inamtoka mdomoni, maji? Akasema ni moto. Nikamwambia moto mwekundu, hata mtoto mchanga anajua. Akakunja mikono, akasema hivi, nawanukulia kama alivyosema, "Kaka mkubwa, umesema gesi. Moto wa gesi bluu. Mwekundu ni wa mkaa. Hili la kwetu kusini."

Sikuwa na jibu. Naapa sikuwa na jibu. Majirani wakapiga makofi. Baadaye ndo nikaona kopo la rangi nyekundu pale pembeni, tupu, limekauka toka sijui lini.

Basi nikaingia barabarani na kitu changu. Trafiki akanisimamisha, akazunguka mara mbili, akaniuliza huyu kenge kafanyaje, nikamwambia ni joka afande. Akacheka mpaka akashika bodi, akasema nenda. Hajagusa leseni, bima hajaiulizia, kakagua kenge tu. Toka nianze kuendesha ni mara ya kwanza kuachiwa haraka vile, na imeniuma kuliko ningeandikiwa.

Pale pantoni kashuka bibi mmoja kutoka Kitunda na ndoo yake ya samaki, nikamwamkia shikamoo bibi, nikapokea ndoo, akazunguka nyuma, akarudi, akanipokonya ndoo yake. "Mwanangu, nimetoka majini salama, siendi kupanda jini nchi kavu." Nikamwambia bibi siyo jini, ni mchoro. Akasema mchoro wa nani? Nikaanza kumueleza pango, dhahabu, nikaona namuongezea tu ushahidi.

Mwalimu mmoja kapanda, yeye hakuogopa, yeye kanisomesha. Kumbe Uingereza kwenye zile nembo zao wanahesabu miguu kweli, miguu minne na mabawa ndo joka halali, ikiwa miwili na mabawa wanaliita waivani, ni kitu kingine kabisa, na bendera ya Wales ina joka jekundu lina miguu yote minne. Nikamuuliza mitatu? Akafikiri mpaka tumefika Rahaleo. Akasema mitatu haipo kwenye daftari lolote. Kanilipa mia tano, akaomba apige picha, picha tano, foleni imejaa nyuma yangu wanapiga honi.

Na kuna mzee mmoja wa Kimwera, huyu ndo aliyenimaliza nguvu. Kakaa kimya safari nzima, kushuka akaligusa lile dude begani, akasema wewe unahangaika na mijusi ya kuchora, mjusi wa kweli, dinosaria, alikuwa wetu hapahapa Tendaguru, kilima cha huku Lindi, wakambeba. Babu yake kabeba mfupa kichwani kutoka porini mpaka bandari ya Lindi, enzi za Wajerumani, 1909 mpaka 1913 wanachimba na kupakia. Nikamwambia mzee naijua hiyo, shuleni tumefundishwa. Akasema umefundishwa, babu yangu alifundishwa na shingo. Yule mjusi wamemsimamisha kwenye makumbusho ya Berlin toka 1937, kimo chake mita 13 na kitu, watu wanalipa kiingilio kumuona. Na alikuwa anakula majani tu! Hana moto, hana dhahabu, hajamnyang'anya mtu, kala mboga zake kafa miaka milioni 150 iliyopita, na bado hawakumwacha apumzike.

Mimi akili yangu ni ya nauli, nikaanza kupiga hesabu. Mifupa iliyoondoka ilipita tani 200. Bajaji yangu nikiilazimisha inabeba kilo 300, hapo shokapu inalia. Ni safari 667, kwenda tu, kurudi tupu, na ile barabara ya kule. Nikamuuliza mzee, babu alilipwa? Akaniangalia kama nimemtukana, akashuka, na nauli yangu hakunipa. Nikaona aibu kumdai.

Mchana nikarudi kwa fundi nikiwa nimeshaiva. Ile nafungua mdomo na yeye akafungua wa kwake, anataka elfu ishirini iliyobaki pamoja na elfu ishirini ya mabawa. Nikamwambia hayo mabawa? Yale ni masikio! Akasema mabawa ya joka linapopumzika yanakunjwa, si nilimwambia mwenyewe linashinda limelala. Jamani huyu kijana kila nilichosema kakishika kama wakili. Nikasema nitakulipa ukiniwekea mguu, akasema mguu ni elfu kumi na tano. Simu yangu ikaita nikajifanya ni ya muhimu.

Mama Rehema alivyoliona amesema kitu kimoja tu, "Ada ya mtoto umelipa?" Mpwa wangu kajifungia ndani, anacheka namsikia, akaniambia mjomba ungenipeleka mimi nikachore. Sasa ndo anasema!

Na kenge mwenyewe, yule wa kweli, anayetumalizia vifaranga, leo saa kumi nimepaki karibu na banda nikamuona katoka kwenye majani, kanyanyua kichwa, kaliangalia lile dude muda mrefu kabisa kama mtu anayetafuta jina la ndugu aliyemsahau. Halafu akapita zake pembeni kwa adabu akaingia bandani akachukua mayai matatu. Hakuogopa kabisa. Trei ya mayai mnaijua bei, mimi siisemi, presha yangu haiko vizuri na hiki kiatu kimenibana toka asubuhi.

Ngoja nipokee simu. Ni yule bibi wa Kitunda, anasema bajaji zote zimekataa ndoo yake kwa sababu ya harufu, anauliza yule mwanangu wa jini yupo? Nimesema yupo. Na ile ndoo niliiona asubuhi, inavuja.