Kila mlio Goma ni amortisa? Hapana jamani

Ingia na gari ya zamani ku garaji yoyote hapa Goma useme tu "fundi, mbele inagonga", jibu utalipata kabla hajainama. Papa, amortisa (shokamzoba) zimekwisha, tubadilishe zote. Hajasukuma gari, hajashika gurudumu, hajauliza inagonga wakati gani. Na sisi tunatoa dola, zinafungwa amortisa mpya, au okazo, yaani ya mtumba, iliyopakwa rangi nyeusi ikang'aa vizuri, tunatoka pale tunafika mtaa wa Katindo, ko-ko-ko-ko, kelele ni ile ile.

Mimi nasema amortisa inasingiziwa sana katika huu mji. Kazi yake ni kutuliza resori (springi) ili gari isiendelee kurukaruka, na ikichoka iko na dalili zake: inavuja mafuta, ukipita dodani (tuta la barabarani) gari inanesa mara kadhaa ndipo inatulia, ukishika fre (breki) pua inazama. Ile ya kugonga chuma kwa chuma mara nyingi inatoka kwingine, kwa kampira fulani au kiungo kidogo ambacho bei yake haifiki popote karibu na bei ya amortisa nne. Sawa, ekru (nati) ya juu ya amortisa ikilegea itagonga, na ile raba inayoishikilia kwenye bodi ikikatika pia, lakini hata hapo amortisa yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Na tuseme ukweli wa barabara zetu. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikaishia huko Buhene pembeni ya mji, na vichochoro vingi ni mawe yale yale tu yaliyosawazishwa kidogo, gurudumu la kushoto linapanda la kulia linashuka, kutwa nzima. Halafu kuna ile vumbi nyeusi, inasaga kila kitu. Kifuniko cha mpira cha rotili (kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachogeuka kama bega) kikipasuka kidogo tu vumbi inaingia, mvua inafuata, grisi inageuka matope na kiungo ambacho kingekaa miaka kinakwisha mapema. Ndiyo maana ukifungua gari za huku, cha kwanza kuangalia ni hivyo vifuniko.

Sasa mlio wenyewe. Kuna jaribio moja halilipiwi hata franga na sijui kwa nini garaji nyingi hawalifanyi. Pita pole pole juu ya dodani, magurudumu yote mawili ya mbele yapande pamoja. Kisha ingia kichochoro cha mawe, moja lipande jingine lishuke. Kama kwenye dodani iko kimya na kwenye mawe inagonga, nenda moja kwa moja kwa bare stabilizatrisi, ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, raba zake na bieleti zake, maana ile bare haina kazi magurudumu yakipanda sawa, inajipinda pale tu moja linapokuwa juu kuliko jingine. Amortisa inafanya kazi sehemu zote mbili, ingekuwa yenyewe usingeona tofauti kubwa hivyo.

Kwa RAV4 yangu ya 1998 bieleti ni kile kifimbo chenye rotili ndogo juu na chini. Kukishika vizuri acha gari isimame kwa magurudumu yake manne mahali pa tambarare, zima moto, vuta fre ya mkono, weka jiwe nyuma ya gurudumu. Usinyanyue upande mmoja na kriki (jeki), ukinyanyua bare inavuta bieleti, inabana, ubovu unajificha na fundi atakuapia kwamba ni nzima. Mwambie kijana atikise gari kwa bega, kushoto kulia, wewe umebana ile rotili ndogo kati ya vidole viwili. Nzima haikuambii kitu. Ikiwa imekufa utasikia tk, tk, kwenye vidole kabla hata ya masikio, na mara nyingi kifuniko kimechanika, vidole vinatoka na uji mweusi wa grisi na mchanga.

Kama ni kishindo kimoja kizito, dum, ukishika fre na kingine ukiondoka, hapo angalia silambloki (bushi za raba) za mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu kwa chini. Raba ikikatika ule mkono unaenda mbele na kurudi. Na tafadhali, hii naomba kila mtu amwambie fundi wake: buloni (bolti) za silambloki zinakazwa mwisho gari ikiwa imeshuka chini na uzito wake wote. Ukikaza gurudumu likining'inia, siku gari inashuka raba inakaa imejisokota muda wote, na itapasuka mapema, halafu tunasema piyesi (spea) za siku hizi ni feki. Kuna feki kweli, ila si zote. Kuna pia wanaopaka mafuta machafu ya mota juu ya raba ili isipige kelele. Itanyamaza kidogo, baadaye raba inavimba na kulainika ndiyo unanunua nyingine. Silambloki ya okazo nayo mimi sinunui, raba imezeeka sawa na ile unayoitoa.

Ya kuogopa kweli ni rotili ya chini. Hapo unanyanyua gari, unaweka vigingi chini (kriki peke yake isikudanganye), unashika gurudumu juu na chini unalitikisa, mwenzako anaangalia kiungo kwa karibu na kukisukuma na mtarimbo. Ikicheza, usiende nayo Sake, usiende nayo hata sokoni, ikichomoka gurudumu linalala na gari inakaa palepale, kasi yoyote uliyokuwa nayo.

Zingine ni fupi. Kelele ya kugonga inayoacha ukikanyaga fre kidogo tu mara nyingi iko kwenye fre. Inayolia ukizungusha usukani gari imesimama, na ukishika resori unaisikia ikiruka mkononi, mara nyingi ni raba au beringi ya juu ya amortisa. Na kabla ya yote toa kriki na funguo (spana) ndani ya buti ya nyuma, watu wamebadilisha vitu vizito kwa sababu ya kriki iliyokuwa inacheza. Pia gari zetu nyingi za huku Mashariki ya Kongo usukani uko kulia, kwa hiyo shofere anasikia zaidi upande wake na analaumu gurudumu lake, mkalishe mtu kiti cha kushoto asikilize naye.

Lakini nikirudi kwa mafundi, siwalaumu peke yao, na hapa wenye gari mtanikasirikia. Fundi wa Goma analipwa kufungua na kufunga, hakuna anayemlipa kusikiliza. Akikaa saa nzima chini ya gari yako akakwambia kaza ekru hii uende, utampa nini? Utasema asante shefu, Mungu akubariki, na kuwasha moto. Bila kubadilisha kitu hapati mkate wa watoto, basi lazima kitu kibadilishwe, na amortisa inaonekana, ni kubwa, inamfanya mteja aamini kazi imefanyika.

Mimi siku hizi napatana naye bei ya kutafuta peke yake, kabla ya piyesi yoyote. Anapanda, tunazunguka mawe na dodani, tunarudi, anaingia chini, ananishikisha kwa mkono wangu kile kinachocheza. Hapo njo tunaongea kununua. Asipopata kitu namlipa vilevile, saa yake imeenda. Wengine wanakataa, wanaona nawaletea ujuaji, naenda kwa mwingine, garaji hazikosekani Goma.