Kwa Mvuvi wa Ndoana, Tumbo Jekundu Anampita Tilapia wa Naili

Kama umetoka Nairobi na una fimbo ya kuvulia, chelezo (kile kiboya cha kwenye mshipi) na asubuhi moja tu pale Naivasha, mtafute tilapia wa tumbo jekundu. Najua wenzangu wengi humtaka tilapia wa Naili kwa sababu ya ukubwa wake, na ni kweli, anaweza kufika hata sentimita 60, wakati tumbo jekundu wa kawaida hutosha kwenye kikaango bila kukatwa. Lakini uvuvi wa ndoana haupimwi kwa mizani peke yake.

Kwanza tuwatambue, maana wengi huwachanganya. Usitegemee rangi nyekundu. Dume la Naili likiwa kwenye msimu wa kuzaa nalo hupata wekundu kichwani na kooni. Doa jeusi la pezi la mgongoni pia linadanganya, kwa kuwa hata Naili wachanga huwa nalo. Tazama mkia. Wa Naili una mistari myembamba ya wima, imepangana kutoka juu hadi chini. Tumbo jekundu hana mistari hiyo.

Tofauti inayomhusu mvuvi hasa iko kwenye chakula. Tilapia wa Naili hula sana mwani na vijidudu vinavyoelea majini, na anaweza kushiba bila kukimbilia chochote. Akikutana na chambo chako hukivuta polepole, na mara nyingi chelezo hutikisika kidogo tu, ukichelewa amekitema. Tumbo jekundu ni mla majani. Meno yake yamezoea kung'ata na kukwanyua mimea, ndiyo maana hukaa karibu na ukingo, kwenye mafunjo na majani yaliyozama, mahali ambapo mtu asiye na mashua anamfikia. Mwekee mnyoo au kidonge cha ugali kwenye ndoana ndogo, namba 10 hivi, na utamsikia mara moja. Akishanasa hukimbilia majanini kwa nguvu ambayo hungeitarajia kwa mwili ule. (Kabla ya kusimama ukingoni angalia viboko. Naivasha si bwawa la kuchezea.)

Sikubaliani na wanaosema huyu ni samaki wa takataka. Aliletwa Naivasha mwaka 1956, miaka mingi baada ya besi, samaki mla samaki kutoka Marekani, aliyeletwa 1929, na tangu hapo amelisha familia nyingi pale ziwani. Miiba anayo, lakini mchanje ubavuni, mtie chumvi na ndimu, mkaange mzima hadi akauke, kisha umle na ugali na sukuma wiki. Kama unataka minofu minene ya mchuzi, hapo nakubali, chukua wa Naili.

Jambo ninalowaomba wavuvi wenzangu ni moja. Jike la tilapia wa Naili hubeba mayai na watoto mdomoni. Tumbo jekundu habebi. Hutaga mayai chini, yakashikamana na sakafu, na baba na mama hukaa hapo wote wawili kuyalinda. Wakati huo humfukuza chochote kinachokaribia, na kwa hiyo hunaswa kirahisi mno. Mvuvi akipata mahali pa kina kifupi ambapo kila akitupa anavuta samaki mwekundu kifuani, huenda anawatoa walinzi viotani, na mayai huliwa na samaki wengine. Sheria za leseni na misimu ya kufunga ziwa hazitakuona kila ukirusha mshipi. Ukiona jozi imetulia juu ya shimo dogo la mchanga, sogea hatua kadhaa mbali, utupe kwingine. Na jike la Naili likitema watoto mkononi mwako, lirudishe majini papo hapo pamoja nao.

Wala usimbebe samaki hai kwenye ndoo kwenda kumwachilia bwawani kwenu Kiambu au Machakos. Tilapia wa Naili huzaliana kwa urahisi na jamaa zake wa asili wa mito yetu, na damu ikishachanganyika hakuna wa kuitenganisha.