Ua la Usambara lina kwao

Majira ya baridi yaliyopita, bibi jirani yangu hapa Leeds, Uingereza, alinikaribisha chai. Dirishani jikoni kwake palikuwa na chungu kidogo chenye mmea wa majani manene, yenye manyoya laini, na maua ya zambarau yenye kiini cha njano. Akaniambia kwa furaha, "Hili la kwenu, African Violet," yaani urujuani wa Afrika. Nilipoliinamia nikayakumbuka mawe mabichi ya kando ya mto, njia ya kupandia Amani, kwenye milima ya Usambara, tulikokuwa tukipita na bibi mzaa mama tukitokea Muheza, mkoani Tanga.

La kwetu, kweli. Lakini kwetu wapi?

Mwaka 1892 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Mjerumani, alilipata Usambara akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha: kwanza ukoo wa baroni, kisha neno la Kigiriki lenye maana ya maua kama ya urujuani, lile ua la Ulaya liitwalo violet. Mwingereza akachukua huo mfanano, akabandika Afrika. Wala ua hili si urujuani, hata udugu hawana. Na Afrika yote hiyo ya nini, kwa mmea unaoota porini Tanzania na sehemu ya Kenya tu? Mjerumani, pamoja na mabavu yake yote, mpaka leo analiita Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara. Milima yetu imo humo.

Linaniuma kwa sababu hapa ugenini na mimi ni "wa Afrika" tu. Muheza haiulizwi.

Ila nasi nyumbani tuna deni. Bibi yule humimina maji ya uvuguvugu kwenye kisahani, chungu kikanywa chenyewe, maana maji baridi yakigusa jani huacha madoa. Sisi kwenye makopo ya rangi tunapanda maua ya kununua, na msitu unaolipa ua hili kivuli tunaukata kwa kuni na mashamba. Jiwe likipigwa jua linakauka, na ua linakufa. Shuleni sikumsikia mwalimu hata mmoja akilitaja.

Nimemwandikia bibi karatasi, USAMBARA, akaibandika kwenye chungu. Alilisoma mara tatu akivuta "sa". Nikamwelekeza avute "mba". Mara ya nne akalipata.