Siku nne barabarani kwenda kuona magari yaliyofukiwa

Mwaka wa tisa huu naishi St. Louis, na mwezi uliopita nilifanya jambo ambalo mama hajanielewa mpaka leo. Nilichukua likizo, nikajaza tanki, nikaendesha hadi Amarillo, Texas, kwenda kutazama Cadillac kumi zilizofukiwa shambani vichwa chini, mikia juu.

Barabara ni ile Route 66, iliyoanzishwa 1926 kuunganisha Chicago na Los Angeles, karibu kilomita 3,940. Ilifutwa rasmi 1985, kwa kuwa barabara kuu mpya zilishainyang'anya kazi. Enzi zake, kila mwenye mgahawa au sheli alitafuta namna ya kumfanya dereva apunguze mwendo: huyu anasimamisha sanamu ya jitu nje ya mlango, yule Holbrook, Arizona, anajenga vyumba vya kulala wageni vyenye umbo la hema. Ushamba mtupu, na nimeupenda.

Catoosa, Oklahoma, nilimkuta nyangumi wa bluu wa zege amejilaza bwawani, kinywa wazi. Alimjenga Hugh Davis, mtu wa bustani ya wanyama ya Tulsa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuwa zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yao kwa mkewe Zelta, aliyekuwa akikusanya sanamu ndogo za nyangumi. Oklahoma haina bahari, lakini mzee wa watu kaamua. Unaingia kinywani kwa miguu, unapita tumboni, unatokea mkiani, na chini samaki wadogo wanazunguka wakingoja makombo ya mkate. Nilikaa saa nzima.

Sasa nifikirie basi la Dar kwenda Tunduma. Kusimama kwetu ni kuchimba dawa: dakika kumi, konda anagonga bodi, aliyechelewa atajua mwenyewe. Wenzangu hapa husema Mwafrika hajali historia. Mimi sikubali. Mmarekani anasimama kwa sababu gari ni lake, choo ni safi, na hakuna mtu wa kumwambia twende. Mpe siti ya katikati na ndoo ya mtu mapajani, uone kama ataulizia makumbusho.

Na tuseme ukweli, kwa kituo cha tumbo sisi hatushindwi. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula zilizopangwa kwenye visado, dirisha halijafunguka vizuri mikono kumi iko ndani. Huku niliingia maduka ya zawadi katika majimbo matatu, nikakuta sumaku ileile ya kubandika kwenye friji. Hata vituko tunavyo: Mikumi, barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, na kuna vibao vya faini kwa anayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Kingekuwa Texas, kibao kile kingeshachapwa kwenye fulana.

Kuna kitu kingine maduka yale hayakiuzi. Barabara hii watu weusi hawakuisafiri kwa kuimba. Kuanzia 1936 kulikuwa na kitabu cha mwongozo cha kuwaonyesha hoteli na sheli ambako wangepokelewa, kwani kulikuwa na miji ambayo jua likizama haikumtaka mweusi ndani yake. Karibu na Luther, Oklahoma, bado kimesimama kituo cha mafuta cha familia ya Threatt, Waamerika weusi, kimejengwa kwa mawe. Nilipunguza mwendo pale kuliko mahali pengine pote.

Amarillo mvua ilikuwa imenyesha. Tope mpaka kwenye kifundo, harufu ya rangi ya kupuliza, makopo matupu kila upande, maana kila mgeni anaruhusiwa kuchora. Zile Cadillac zimo ardhini tangu 1974, na zimepakwa mno hata milango imevimba. Nikaokota kopo lenye rangi kidogo, nikaandika TUNDUMA. Kabla sijafika kwenye gari, msichana mmoja alishaifuta kwa rangi ya waridi.

Usiku nikiwa hotelini nikampigia mjomba, aliyepeleka malori Zambia miaka mingi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Wasemaje umekwenda kuona magari mabovu?"

Nikamuuliza kama amewahi kuona Kimondo cha Mbozi. Jiwe la mita tatu lililoanguka kutoka mbinguni, zaidi ya asilimia 90 chuma, liko Ndolezi, mwendo mfupi tu kutoka barabara aliyoila maisha yake yote. Mimi mwenyewe nimepita njia panda yake tangu nikiwa darasa la tano, sijawahi kushuka.

Akacheka. "Kibao chake nakijua vizuri sana. Hapo ndipo nilipokuwa naanza kutafuta maegesho ya Tunduma."

Disemba nakwenda nyumbani. Nimeshamwambia tutakodi gari dogo, aendeshe yeye, na breki nitaishika mimi.