Kitufe, Kitufe, Kitufe

Haya, tumeletewa tovuti mpya. Ofisi siitaji, Kigoma hii tunajuana na kesho nitakuwa na shida palepale dirishani. Imezinduliwa, utepe umekatwa (utepe wa tovuti hufungwa wapi, hilo waulizwe wao), na ukiifungua unapokewa na picha sita zinazokimbizana zenyewe, kila moja kiongozi anampa mkono kiongozi. Pa kuzisimamisha hakuna. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na kila mtu, hata wenye ulemavu, WCAG, unataka kitu kinachojiendesha zaidi ya sekunde 5 kiwe na pa kukizuia, lakini mwongozo atausoma nani wakati picha ya bosi imetoka vizuri?

Maandishi nayo ni kijivu juu ya cheupe. Uwiano wa mwanga kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, kwa maandishi ya kawaida, unatakiwa ufike 4.5 kwa 1, na kijivu chao, #999999 kwa msimbo wa rangi, hakifiki hata 3. Wangekikoleza hadi #767676 tu, wangevuka. Ni tarakimu sita hizo, hazihitaji zabuni wala posho ya kikao.

Sasa njoo hapa mjini, mtaa wa Mwanga, umwone Mwalimu mstaafu kutoka Ujiji, kakaa benchi la steshenari. Haoni kabisa, lakini simu yake ina TalkBack, kisomaji skrini kinachomtajia kwa sauti kilichopo kwenye kioo, na anaipeleka kuliko sisi wenye miwani. Anataka kujaza fomu ya uhakiki wa pensheni. Anatelezesha kidole kulia, simu inasema: "Kitufe, hakina lebo." Anatelezesha tena. "Kitufe, hakina lebo." Tena. "Kitufe, hakina lebo."

"Mwanangu," anamwambia kijana wa steshenari, kwa utaratibu wa mtu aliyeshika chaki miaka mingi, "hivi najaza fomu au nachagua mgombea?"

Mafundi wamechora vialama vizuri vya nyumba, bahasha na kengele, wakasahau kuvipa jina kwenye msimbo. Visanduku ndiyo balaa zaidi. "Jina la ukoo" limeandikwa kwa wino hafifu ndani ya kisanduku chenyewe. Ukishajaza, limepotea, na ukirudi kuhakiki simu inakusomea ulichoandika bila kukuambia ulikiandika wapi. Lebo ya kweli hukaa nje ya kisanduku, na kwenye msimbo "for" yake (lebo hii ni ya nani) inalingana na "id" (jina) ya kisanduku hicho. Mstari mmoja!

Halafu sauti. Ukurasa mzima ni Kiswahili, ila kule juu kwenye msimbo pameachwa lang="en" (yaani lugha ni Kiingereza) ya kiolezo walichokipakua. Basi sauti inasoma "tarehe ya kuzaliwa" kama mtalii aliyeshuka Gombe jana. Mwalimu anakunja uso. Kafundisha Kiswahili huyu. Dawa ni herufi mbili, sw.

Hiyo tarehe yenyewe sasa. Kuandika hairuhusiwi, lazima kalenda. Kalenda inafunguka mwezi huu, na mshale wa kurudi nyuma unarudi mwezi mmoja mmoja. Mwalimu kazaliwa 1958. Piga hesabu: mibonyezo karibu 800, na kila mbonyezo ni kugonga mara mbili, na kila mara simu inatangaza mwezi. Serikali ya Uingereza kwenye fomu zake huweka visanduku vitatu vya kuandika, siku, mwezi, mwaka, na watu wanazaliwa vizuri tu. Mwalimu alipofika miaka ya themanini, ukurasa ukajifunga: "Muda wako umekwisha, anza upya." Bila onyo! Mwongozo unasema mtu aonywe kabla, apewe angalau sekunde 20 za kuomba muda kwa kitendo chepesi. Vitu vyote alivyojaza vikaenda na maji.

Akaanza upya (kalenda safari hii akaishika kijana), akafika mwisho, akakuta kapcha, lile jaribio la kuthibitisha kuwa wewe si roboti. "Chagua picha zote zenye mabomba ya zimamoto." Mabomba yenyewe yale mafupi ya pembeni mwa barabara za Marekani, hata mwenye macho wa Kibirizi hajui anatafuta nini. Kuna spika ya kusikiliza badala yake. Inasoma tarakimu kwa Kiingereza, nyuma yake kelele za makusudi.

Wakapiga simu ofisini. "Mzee wangu, si ulete mtu akujazie?"

Mwalimu akanyamaza kidogo. "Na neno la siri nimpe? Na pensheni akanipokelee?"

Hapo ndipo utani unaponiishia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tumeuridhia 2009, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010, na bado mtu mzima anaambiwa atoe siri za akaunti yake benchini, mbele ya wanaosubiri fotokopi.

Kwenye kona ya ukurasa wameweka kialama cha kiti mwendo. Ukikibonyeza, herufi zinakua na rangi zinageuka. Lebo hazizaliwi.

Na matangazo je? Barua inachapwa kwenye kompyuta, maandishi safi. Inaprintiwa, inagongwa muhuri, inaskaniwa imelala ubavu, inapandishwa. Kwa kisomaji skrini hiyo ni picha tupu. Weka maneno yaleyale kwenye ukurasa, muhuri ubaki kwenye faili la masijala.

Wakamwambia basi aje mwenyewe ofisini. Ofisi ile, mlangoni kuna ngazi zenye kimo cha jumla cha sentimita 45. Mteremko wa kiti mwendo hutakiwa 1 ya kimo kwa 12 za urefu, yaani hapa urefu wa mita 5 na sentimita 40. Wao wamejenga wa mita moja na nusu, wakausakafia vigae vinavyoteleza. Chini yake bodaboda wamefanya kijiwe. Ukiwaambia wasogee wanakushangaa: "Braza, mbona hapa hapitagi mtu?"

Atapitaje!